Hesabu za Kwenda Makangale

Nyuma ya kalenda ya duka la rangi
nimeandika kwa penseli, maana mambo haya hufutika:

bawa, mita nne na robo, lililokuwa jekundu
kabla sijalitia viraka vya mwavuli;
ubao alioutupa Mjerumani mmoja kwa hasira;
pampu ya Vuai (yaani ya bosi, hadi Jumatatu);
na kile chuma cha chini,
mguu wa futi mbili na nusu, mapezi mawili,
ambacho siye wa karakana twakiita jembe
kwa kuwa hulima maji bila kuyaumiza.

Miaka sita Paje nashona ya watu.
Naijua mipasuko: huu wa mwamba,
huu wa kigingi cha mwani, huu wa kiburi.
Wao hupanda ndege zao wakaniachia uzi.
Safari hii
mwenye kupasua na mwenye kushona ni mtu mmoja.

Tarehe ndiyo ngumu.
Lazima iwe bamvua, maji yajae alasiri,
maana jembe lataka kina cha kiunoni;
likigusa jiwe, lenyewe husimama,
wewe ndiye unayeendelea na safari.
Iwe bamvua, na iwe likizo ya Vuai,
na iwe baada ya mshahara, kabla ya kodi,
na isiwe zile siku zangu nne za mwezi.
Upepo? Upepo ndio mdogo wao.
Kusi haiombi ruhusa kwa bosi.

Nauli nimeuliza. Sauti ya simu, bandarini Malindi:
"Mzigo wako una urefu gani?"
"Kama mtoto wa darasa la tatu."
"Mna nini ndani?"
"Bawa."
"La nini, ndege?"
"Nusu ndege."
"Na nusu nyengine?"
Nikanyamaza, nikajitazama miguu.
"Hiyo itakata tiketi ya abiria."

Vuai ataka tulifunge jembe kwa mkeka.
Hapana, nimemwambia,
tutafika Mkoani tupokewe kwa Fatiha.

Limebaki swali lisilo na namba ya simu:
pale Makangale, mlango wa mwamba uko wapi?
Picha ya setilaiti yaonesha buluu, na buluu, na weupe.
Haisemi pa kupita.

Mama katoka kule ana miaka kumi na saba
na hakurudi, wala hatuulizi.
Juzi alikuwa akisukuma chapati.
Nikalitaja Makangale kama mtu aliyeangusha kijiko.
Hakuinua uso. Akakumba unga kwa kiganja,
akautandaza kibaoni, akatia kidole:
"Hapa nilitoa pweza. Hapa pweza wawili.
Hapa shimo, usitie mkono, mna mkunga.
Hapa mchanga, mpana wa gari mbili kupishana,
maji yakitoka ndipo pa mwisho kukauka.
Huo ndio mlango wako."

Hajaniona nikiruka hata siku moja.
Bahari anayoijua yeye ni ya kwenda kwa miguu,
ile iliyovuliwa nguo, saa nne asubuhi,
mawe yote nje, kila jiwe na jina lake.
Ninayoijua mimi huja saa kumi, imekwisha kuvaa,
haioneshi kitu.
Ni bahari ileile. Tumepishana saa sita tu
na miaka arubaini.

Nilitaka kuipiga picha ile ramani.
Kabla sijaifuata simu chumbani
keshaikanda ndani ya donge, kaisukuma, kaichoma,
tukaila na chai.

Usiku nimerudi kwenye kalenda.
Chini ya jembe, chini ya pampu ya bosi,
pana mwandiko usio wangu, wa wino,
haufutiki:

Tiketi tatu. Miye nikae dirishani.